Uwanja Ulio Kati ya Magorofa: Ni wa Nani, na Unahuishwaje?

Alasiri, jua linapoanza kuinamia upande wa Changamwe, kivuli cha jengo moja hulala juu ya uwanja unaolitenga na jengo la pili, na mtaa mzima huhamia kwenye kivuli hicho. Watoto waliovua sare za shule hutangulia. Wazee wa dhumna hufuata na meza yao ya mbao. Akina mama hushuka kuanua nguo kabla ya magharibi. Muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe. Hivyo ndivyo yalivyo maisha ya kila siku katika mitaa ya nyumba za kaunti hapa Mombasa, na anayepita kwa haraka angedhani uwanja ule haudai chochote. Akisimama kidogo ataona mtaro uliojaa mchanga na chupa, taa iliyokufa, gari bovu lililoachwa kwa miaka, kibanda cha mabati ambacho mwaka jana kilikuwa turubali tu, na maji ya bafuni yanayotafuta njia kati ya miguu ya watoto. Watu wapo na haja ipo. Asiyekuwapo ni yule ambaye, mtaro ukiziba, ana wajibu wa kuuzibua na pia ana uwezo wa kufanya hivyo.

Ninaposema maeneo ya pamoja nakusudia zaidi ya uwanja wa mpira na bustani. Ngazi ni eneo la pamoja, na ushoroba, na mfereji wa nje ambako majirani hupanga foleni ya mitungi, na kamba za kuanikia nguo, na mahali pa kutupa taka, na kile kichochoro cha nyuma ambacho mtoto wa kike huambiwa asipite usiku. Vyote hivi hutumiwa na kila mtu, na hakuna mpangaji ambaye jina lake limeandikwa juu yake. Mjadala wa kuvihuisha huanza mara nyingi na rangi, mabenchi na miche ya miti, ilhali kinachoviua ni kutojulikana kwa mambo matatu ambayo watu huyachanganya: nani mwenye ardhi, nani mwenye haki ya kuitumia, na nani mwenye kazi ya kuitunza. Makala haya yanajaribu kuyatenganisha matatu hayo, kwa sababu palipo na jibu la moja tu, au mawili, fedha yoyote inayomwagwa juu yake hupotea.

Tuanze na chanzo cha nyumba zenyewe. Mwaka 1939 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, na miongoni mwa malalamiko yao makubwa yalikuwa makazi na posho ya nyumba. Januari 1947 mji ulisimama tena, safari hii kwa mgomo wa wafanyakazi wapatao 15,000 wa bandari, reli, hoteli na majumbani. Serikali ya kikoloni ilijifunza kwamba bandari haiwezi kuendeshwa na watu wasio na pa kulala, na katika miaka iliyofuata nyumba za kupangisha wafanyakazi ziliongezeka, nyingine za manispaa, nyingine za reli na bandari. Baada ya uhuru mitaa mingine ikajengwa. Majina yake yanajulikana na kila mwenyeji: Buxton, Tudor, Mzizima, Khadija, Changamwe, Likoni, Tom Mboya, Nyerere, Kaa Chonjo.

Mpangilio wa nyumba za awali ulibeba dhana kwamba mpangaji ni mfanyakazi aliyekuja mjini kwa muda, atakayelala, ataamka, atakwenda kazini, kisha siku moja atarudi kwao. Nafasi kati ya majengo iliachwa kwa sababu ya hewa, mwanga na hofu ya maradhi. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu huyo angeoa, angepata watoto, wajukuu wangezaliwa katika chumba kilekile, na kwamba uwanja ule wa kupitishia hewa ungekuwa sebule, jiko, madrasa, ukumbi wa arusi na mahali pa matanga. Familia ilikua, nyumba haikukua, na ziada yote ya maisha ikatoka nje.

Hapa ndipo inafaa kuitazama nyumba ya Kiswahili, ile inayoonekana bado Majengo na sehemu nyingi za kisiwani, kwa kuwa inatufundisha kilichokosekana katika magorofa. Mbele ina baraza. Mpita njia hukaa pale bila kubisha hodi, huzungumza, hunywa kahawa, huondoka. Anayejulikana hupiga hodi na kukaribishwa ukumbini, ule ujia unaopita katikati ya nyumba na vyumba vitatu kila upande. Nyuma kuna ua, penye jiko na choo, ambapo wanawake hupika, hufua, husukana nywele na kuzungumza bila kutazamwa. Kutoka njiani hadi uani mtu hupita daraja baada ya daraja, na kila daraja ina masharti yake ya adabu ambayo hata mtoto wa miaka mitano anayajua. Faragha haikuletwa na kuta nene. Ililetwa na mfuatano huo, na wenyeji huuita kwa neno moja, sitara.

Gorofa la mtaa wa umma liliondoa daraja zote za katikati. Mlango wa chumba hufunguka kwenye ushoroba au ngazi, na ngazi huishia kwenye uwanja ambao ni wa kila mtu. Wanaume waliokosa baraza wakapeleka mbao na matofali chini ya ngazi, mahali pekee penye kivuli na upepo, na hivyo kila mwanamke anayepanda nyumbani na ndoo ya maji akalazimika kupita katikati ya macho yao. Wanawake waliokosa ua wakatundika leso na mashuka kwenye vizuizi vya ushoroba, wakapika mlangoni kwa jiko la makaa, na wageni wakayaita hayo uchafu. Kwa maoni yangu hayo ni majibu ya busara ya watu walionyimwa baraza na ua, na anayetaka kuhuisha mtaa wa namna hii angefanya vyema kuyasoma kwanza kabla ya kuyaondoa. Leso iliyotundikwa humwonyesha fundi mahali ambapo ukuta wa matundu unahitajika. Matofali chini ya ngazi humwonyesha kwamba benchi la zege linapaswa kujengwa, ila liwekwe kwenye ncha ya jengo inayotazama barabara, ili wanaume wapate baraza yao na ngazi ibaki njia. Mahali pengine kugawa uwanja kwa ukuta wa kiuno tu, upande wa mbele ukiwa wa kukaa na kucheza na upande wa nyuma ukiwa wa kufua na kuanika, hutatua ugomvi ambao semina kumi hazikuweza kuutatua.

Sasa tuje kwenye ardhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 62, inasema kwamba ardhi ya umma inayotumiwa na vyombo vya kaunti inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa amana, kwa niaba ya wakazi wa kaunti hiyo, na kusimamiwa kwa niaba yao na Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Neno la kushika hapo ni amana. Kaunti, iliyorithi nyumba hizi kutoka kwa baraza la manispaa mwaka 2013, haina uwanja kama mfanyabiashara anavyokuwa na kiwanja chake. Inaushika kwa ajili ya watu, na kifungu hichohicho kinakataza ardhi ya umma kutolewa au kutumiwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge. Kwa upande mwingine, mpangaji naye hana uwanja. Mkataba wake unamhusu kwa chumba anachokilipia kodi, na haki yake juu ya uwanja ni haki ya mkazi na mtumiaji. Anaweza kudai usiuzwe, anaweza kudai utunzwe, lakini hawezi kuukata vipande na kuwagawia wanawe, hata akiwa amekaa pale miaka arubaini.

Sheria ni nzuri. Daftari ndilo tatizo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika ardhi ya umma msemo huu ni maelezo ya jinsi mambo yanavyotokea hasa. Tume iliyoundwa mwaka 2003 chini ya uenyekiti wa wakili Paul Ndung'u, ikatoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma kote nchini, pamoja na viwanja vya michezo, akiba za barabara na nyumba za serikali, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Kilichorahisisha uporaji huo ni kwamba nafasi nyingi zilikuwa wazi machoni mwa watu na tupu katika karatasi: hazikupimwa, hazikusajiliwa, hazikuwa na hati. Mwenye tamaa hakuhitaji kumfukuza mtu yeyote. Alihitaji tu kufika kwenye karatasi kabla ya wengine.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza katika kuhuisha uwanja wowote ni ya kuchosha na haipigwi picha: kutafuta ramani ya asili ya mtaa, kuilinganisha na hali iliyopo, kupima upya mipaka, kuweka vigingi na kuhakikisha kwamba uwanja umeandikwa katika rejista kama eneo la umma lenye matumizi yake maalumu. Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kwa maendeleo yoyote ya ardhi, na kuna kamati ya kaunti inayosikiliza rufani za wasioridhika. Lakini anayetaka kupinga ujenzi uwanjani lazima kwanza aweze kuonyesha kwamba pale palikuwa uwanja. Bila ramani, ushahidi wake ni kumbukumbu ya wazee, nao wazee wanaondoka mmoja mmoja.

Kuna swali la vibanda ambalo haliwezi kurukwa. Uwanja huliwa polepole. Huanza na meza ya biashara inayorudishwa ndani usiku, ikafuata turubali, yakafuata mabati, siku moja sakafu ya saruji ikamwagwa, na ukuta wa matofali ukainuka nyuma ya mabati bila mtu kuuona. Kwa hofu hiyo wapo wanaotaka biashara zote ziondolewe. Mimi siungani nao. Mama anayekaanga viazi karai chini ya mwarobaini kuanzia saa kumi hadi saa tatu usiku ndiye macho ya mtaa. Akiwapo, watoto wapo, taa yake ipo, na mwizi hapendi kupita. Mstari unaofaa kuchorwa ni kati ya biashara inayokunjwa na ile inayotia msingi. Ya kwanza ipewe mahali palipochorwa, kibali cha bei nafuu na sharti la kufagia mita kadhaa kuizunguka. Ya pili izuiwe siku ile ile saruji inapofika, kwa sababu baada ya mwezi mmoja itakuwa na mwenyewe, wapangaji na wakili.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni tofauti kati ya kuhuisha mtaa na kuubomoa ili kujenga upya. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na mpango wa kujenga upya mitaa yake mikongwe kwa ubia na wawekezaji, na Buxton ndio uliotangulia: nyumba za zamani zilibomolewa na mahali pake pakainuka magorofa yanayouzwa, yanayoitwa Buxton Point. Ubishi uliofuata ulihusu hasa wapangaji wa zamani, bei na fidia, na ni haki kwamba ulihusu hayo. Ila lipo badiliko moja lililojadiliwa kidogo mno, nalo ni hatima ya uwanja katika mpango wowote wa kuuza vyumba. Chini ya Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, mtu anaponunua chumba ndani ya jengo anapata hati ya chumba chake pamoja na hisa katika mali ya pamoja, yaani ngazi, paa, maegesho na nafasi zilizozunguka, na wamiliki wote huunda shirika linalozisimamia na kukusanya ada ya kila mwezi kwa ajili ya matengenezo. Huo ni mpangilio unaoeleweka, na kwa upande wa utunzaji una nguvu kuliko ule wa zamani, kwa sababu mwenye wajibu anajulikana. Lakini uwanja uliokuwa amana ya wakazi wote wa kaunti unaweza kugeuka kuwa mali ya wanunuzi, wenye lango na mlinzi, na mtoto wa mtaa wa pili aliyekuwa akicheza pale akawa mgeni.

Sisemi kwamba ujenzi mpya ni kosa. Majengo mengine yamechoka kiasi kwamba zege linadondoka na nondo zinaonekana, na katika mji wa watu 1,208,333, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2019, juu ya eneo la kilomita za mraba 220 hivi, kujenga kwenda juu hakuepukiki. Ninachodai ni kwamba kabla ya mkataba kutiwa saini, mchoro uonyeshe kwa rangi tofauti nafasi itakayokuwa ya wanunuzi na nafasi itakayobaki ya umma, na upana wa njia zinazoifikia. Jambo hilo likiachwa hadi baada ya ujenzi, halirudi.

Kuna mfano wa mbali unaonigusa kila ninapoukumbuka. Mwaka 1996 mji wa Bordeaux, Ufaransa, ulitaka kupamba viwanja vyake vya mitaani, na wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal wakapewa uwanja mdogo uitwao Place Léon Aucoc. Walikwenda wakakaa, wakatazama, wakazungumza na wakazi, na wakarudi na jibu ambalo halikutarajiwa: uwanja ni mzuri tayari, una miti, una mabenchi, una wazee wanaocheza pale. Walipendekeza changarawe ibadilishwe, usafi ufanywe mara nyingi zaidi, na miti itibiwe. Basi. Wasanifu haohao baadaye, pamoja na wenzao, walikarabati magorofa matatu yenye nyumba 530 za umma katika mtaa wa Grand Parc mjini humohumo bila kuwahamisha wapangaji, kazi iliyopata tuzo ya usanifu ya Umoja wa Ulaya mwaka 2019. Mombasa si Bordeaux, na uwanja wenye majitaka hauwezi kuambiwa kwamba ni mzuri ulivyo. Hata hivyo ile hatua ya kwanza, ya kukaa na kutazama kabla ya kuchora, haina gharama popote duniani, na ndiyo inayorukwa kuliko zote.

Tukija kwenye kazi yenyewe, mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko wingi wa fedha, na hatua ya kwanza iko chini ya ardhi. Mji wetu umekaa juu ya udongo wa aina mbili. Kisiwani na upande wa Nyali na Likoni, chini kuna mwamba wa matumbawe wenye vinyweleo, na maji ya mvua huzama. Lakini majitaka nayo huzama kutoka kwenye mashimo ya vyoo na kukutana na maji ya visima. Upande wa bara, Changamwe na Jomvu, ardhi ina mfinyanzi na miteremko, na mvua kubwa za Aprili hadi Juni hukimbia juu juu zikibeba kila kitu. Mchoro wa mtaro uliofaa Tudor hautafaa Changamwe. Nimeona vigae vya uwanjani vilivyowekwa kwa gharama vikifumuliwa msimu uliofuata kwa sababu bomba la majitaka lililopita chini yake halikuguswa. Mtaro, bomba, shimo la majitaka, mahali pa taka panapofikiwa na gari: hivyo vikikamilika, hata uwanja wa udongo mtupu unakalika. Visipokamilika, hakuna benchi litakalokaliwa.

Pili ni kivuli, na hapa subira inahitajika. Mche unaopandwa kwenye tundu la jembe juu ya matumbawe hufa au hudumaa, kisha tunasema watu hawapendi miti. Yeyote anayetaka kuona jinsi mwamba mtupu unavyofanywa kuwa msitu aende Bamburi, ambako kuanzia mwaka 1971 René Haller alipanda miti katika machimbo yaliyoachwa na kiwanda cha saruji. Sehemu kubwa ya aina alizojaribu hazikustahimili; mvinje ulistahimili, na jongoo wakala majani yaliyodondoka wakayageuza kuwa udongo ambamo miti mingine ilipata kuota. Uwanja wa mtaa hauhitaji msitu, lakini kanuni ni ileile: chimba shimo pana ndani ya mwamba, lijaze udongo na samadi, chagua mti unaojua chumvi na ukame, kisha mpe mtu kazi ya kuumwagilia kwa misimu miwili. Mwarobaini huvumilia karibu kila kitu. Mkungu hutandaza matawi yake kama mwavuli na kuwapa watoto kungu za kupasua, ila uwe mbali na mabomba. Maji ya kumwagilia nayo yafikiriwe mapema, kwa maana katika mji unaotegemea maji ya Mzima na Baricho, yanayosafiri masafa marefu na kukatika mara kwa mara, haiwezekani kumwomba mama anayenunua maji kwa mtungi aumwagie mti. Maji ya mvua ya paani, yakielekezwa kwenye tangi au moja kwa moja kwenye mashimo ya miti, ni msaada wa bure ambao majengo mengi huutupa.

Taa ni suala fupi. Zile nguzo ndefu ambazo watu huziita mulika mwizi husaidia barabarani, lakini kati ya magorofa hutupa vivuli vizito, na vitendo vinavyoogopwa hufanyika vivulini. Taa ndogo nyingi, juu ya kila mlango wa ngazi na kwenye kila kona ya kichochoro, hufanya kazi zaidi; na taa moja ikifa, nyingine zinabaki.

Hata hivyo kila uwanja una ratiba iliyofichika, na ugomvi mwingi unatokana na watu wawili kutaka mahali pamoja saa moja. Vijana wanataka mpira saa kumi na moja, wakati uleule ambapo nguo zinaanuliwa. Wenye tuktuk wanataka pa kuegesha usiku, mahali palepale ambapo alfajiri watoto watapita kwenda chuoni. Anapofariki mtu, turubali hufungwa na viti hupangwa kwa siku tatu, na hapo hakuna anayebishana. Mtaa mzima unajua kuwa uwanja sasa ni wa wafiwa. Singapore, ambako takriban asilimia 80 ya watu wanaishi katika nyumba zilizojengwa na bodi ya umma iliyoanzishwa mwaka 1960, walilitambua hitaji kama hilo: sakafu ya chini ya majengo mengi iliachwa wazi bila vyumba, na familia huomba kibali cha kufanyia hapo arusi ya Kimalei au matanga ya Kichina. Nafasi ileile, siku tofauti, watu tofauti, kwa utaratibu ulioandikwa. Kwetu utaratibu wa matanga upo moyoni tayari. Unaoweza kuandikwa ni ule wa mpira, maegesho na nguo.

Nani auandike? Elinor Ostrom, Mmarekani aliyetunukiwa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza wavuvi, wakulima wa mifereji na watumiaji wa misitu katika nchi nyingi, na akaonyesha kwamba mali ya pamoja hudumu pale watumiaji wenyewe wanaposhiriki kutunga kanuni, mipaka ikijulikana, ulinzi ukifanywa na watu wanaowajibika kwa watumiaji, adhabu zikianza ndogo, na serikali ikiitambua haki ya watu kujipangia. Wavuvi wa pwani hii, wenye desturi zao za bandari ndogo na za kugawana samaki, wasingeshangazwa na hayo. Sharti la mwisho ndilo linalotusumbua: kamati ya wapangaji hutunga kanuni, kisha mtu hufika na karatasi kutoka ofisini inayoipuuza kamati. Kanuni ya mtaa isiyotambuliwa na kaunti ni ombi tu.

Dandora, Nairobi, inatupa mfano wa nyumbani. Mtaa ule ulijengwa kuanzia miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vipatavyo 6,000, na nyumba nyingi zikizunguka nyua za pamoja. Nyua hizo ziligeuka majaa. Makundi ya vijana yakaanza kuzisafisha, kuzipaka rangi na kupanda maua, na pia kuzilinda na kuosha magari, huku wakazi wakichangia kiasi kidogo kwa huduma hiyo. Kinachostahili kutazamwa ni hesabu yake: mchango mdogo unaorudi kila mwezi uliwapa vijana sababu ya kurudi kila asubuhi. Msaada mkubwa wa mara moja hujenga, haufagii. Katika mtaa wetu wa kaunti, kodi hulipwa kaunti na hakuna mpangaji anayejua ni shilingi ngapi kati yake zinarudi kwenye ngazi anayoipanda. Sehemu ya kodi hiyo, hata ndogo, ikitengwa kwa jina la mtaa na kutangazwa ukutani, itabadilisha mazungumzo yote.

Fedha kubwa, za mitaro na mabomba, hazitoki kwa michango. Zinatoka katika bajeti ya kaunti, na bajeti ina kalenda ambayo wakazi wengi huifahamu ikiwa imeshapita. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa mwaka huo huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katika kila hatua sheria inataka maoni ya wananchi. Mtaa unaofika Mei kudai mtaro umechelewa kwa miezi minane, hata kama hoja yake ni ya haki na ukumbi umejaa.

Barua inayofaa kupelekwa kabla ya Septemba, kwa ofisi ya nyumba ya kaunti na nakala kwa mwakilishi wa wadi, haihitaji kuwa ndefu. Iwe na mchoro wa mtaa uliopigwa hatua na wakazi wenyewe, unaoonyesha mtaro unapoziba, taa zilizokufa, kila kibanda na aina yake, na mahali maji yanapotuama baada ya mvua. Iwe na nakala ya ramani ya asili iwapo imepatikana, na ikiwa haijapatikana, ombi rasmi la kuitafuta. Iseme uwanja unatumiwa na nani saa ngapi, wanawake wakiwa wameulizwa peke yao, kwa maana mbele ya wazee, wengi wao hawatasema kuhusu ngazi. Na chini, juu ya saini, yaandikwe majina ya watu watatu watakaoshika funguo za bomba na swichi za taa siku kazi itakapokamilika.